Briji: mkataba ukianguka, tafuta kosa kwenye mnada

Mkataba ukianguka, yaani mkishindwa kula mizunguko mliyoahidi mnadani, ubishi huzuka papo hapo kuhusu karata iliyotupwa mzunguko wa sita au wa saba. Mara nyingi kosa lilishafanyika kabla karata ya kwanza haijagusa meza. Mwongozo huu ni kwa meza za Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, ambako watu waliijua turufu tangu utotoni kwa michezo mingine ya karata. Wanajua kukata, wanajua kukumbuka kilichokwisha kupita, lakini mnada wa briji unawachanganya. Si ajabu. Katika michezo mingi ya karata unakula kwanza, hesabu baadaye. Kwenye briji, mizunguko unayokula inahesabiwa kuelekea gemu (mkataba mkubwa wenye zawadi ya ziada) ikiwa tu uliitaja mnadani. Mmarekani Harold Vanderbilt ndiye aliyeupanga upya utaratibu wa pointi mwaka 1925, akiwa safarini kwenye meli iitwayo Finland, na hapo ndipo ilipoingia pia hali ya kuwa "hatarini", ambapo zawadi na adhabu huongezeka. Tangu hapo mnada ukawa nusu ya mchezo, na kwa maoni yetu ni zaidi ya nusu.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Aina za karata kutoka chini kwenda juu ni pau, uru, kopa, shupaza, kisha bila turufu (BT). Dau ni namba na aina: namba ni mizunguko inayozidi sita, hivyo 2 kopa ni kuahidi mizunguko minane kopa ikiwa turufu. Ree (A) ni pointi 4, mfalme (K) 3, malkia (Q) 2, jeki (J) 1. Jumla ya karata zote ni 40. Kufungua ni kutaja dau la kwanza la mnada, na mwenza wa mfunguzi ndiye mjibu. Kufungua 1 kopa au 1 shupaza kunaonyesha karata tano au zaidi za aina hiyo, na 1 BT ni pointi 15 mpaka 17 zenye mgawanyo tulivu (karata zimegawanyika karibu sawa kwa kila aina). Kama meza yenu ina makubaliano mengine, badilisheni namba, dalili zitabaki zilezile.

Kabla ya kutibu, andika

Chukua kaunta buku, upige mistari ya safu tano: mnada wote neno kwa neno, mkataba, nani alikuwa hatarini, mizunguko iliyoliwa, na mizunguko ambayo ingeweza kuliwa karata zote zikiwa wazi. Hiyo safu ya mwisho inataka karata zisichanganywe. Kila mtu asitupe karata yake katikati ya meza. Aiweke mbele yake, kichwa chini, mpaka mkono uishe. Kisha kila fungu la karata 13 liingie kwenye bahasha yake: Kaskazini, Mashariki, Kusini, Magharibi. Baada ya mikono 24 utaona mwelekeo. Mikono 24 haitoshi kumhukumu mtu, ila inatosha kuonyesha kosa linalojirudia.

Soma safu zako hivi. Kama mikataba mingi imeanguka kwa mzunguko mmoja, huenda huna ugonjwa wowote. Mtu asiyeanguka kabisa anaacha gemu nyingi mezani. Kama inaanguka kwa miwili au mitatu, anza na dalili ya kwanza hapa chini. Kama mara kwa mara unataja 2 na kula 10, ruka mpaka dalili ya pili.

Dalili: pointi zilikuwepo, mkataba umeanguka vibaya

Sababu ya kwanza ya kukagua ni pointi zenyewe. Dagaa waliokaushwa mchangani na dagaa wa kwenye kichanja wanaweza kusoma uzito mmoja kwenye mizani, lakini anayenunua Kibirizi anajua kwamba huku analipia mchanga. Tazama mikono hii miwili:

Mkono wa kwanza
Shupaza: Q J
Kopa: K 8 7 4 3
Uru: K Q
Pau: J 6 5 2

Mkono wa pili
Shupaza: 6 2
Kopa: A K 10 7 4
Uru: 5 3
Pau: A J 10 4

Yote miwili ina pointi 12. Yote ina mgawanyo wa 5, 4, 2, 2. Wa kwanza hauna ree hata moja, na pointi zake nane zimekaa kwenye aina zenye karata mbilimbili tu: wapinzani wakitoa ree ya uru, malkia au mfalme wako anaanguka bila kumkamata mtu, na Q J za shupaza zinaweza zisile kitu. Wa pili una pointi zake zote ndani ya aina ndefu, ambako ree na mfalme wanavuta karata ndogo zinazokuja kuliwa baadaye, na zile kumi mbili hazihesabiwi pointi lakini zinafanya kazi. Mkono wa pili fungua 1 kopa bila kusita. Wa kwanza pasi, hata kama umefika 12.

Watu wengi hutumia kanuni ya 20: jumlisha pointi na idadi ya karata za aina zako mbili ndefu, ikifika 20, fungua. Mikono yote miwili hapo juu inafika 21, kwa hiyo kanuni hiyo peke yake haikulindi. Ongeza sharti: pointi nyingi ziwe ndani ya hizo aina mbili ndefu. Punguza moja kwa kila malkia au jeki aliye kwenye aina yenye karata mbili.

Sababu ya pili ni mikono isiyokutana. Mwenza ana shupaza, wewe huna; wewe una kopa, yeye hana. Hapa kila mmoja huanza kuitetea aina yake, na mnada unapanda wenyewe:

Mfunguzi
Shupaza: K Q J 7 4
Kopa: 8
Uru: A Q 9 6 3
Pau: J 5

Mjibu
Shupaza: 3
Kopa: A Q J 9 5 2
Uru: 8 4
Pau: K 10 8 3

Mnada mbaya: 1 shupaza, 2 kopa, 3 uru, 3 kopa, 3 shupaza, 4 kopa, dabo (tamko la mpinzani linalozidisha adhabu). Kosa halikuwa lile 4 kopa la mwisho. Lilikuwa 3 uru. Aina mpya kwenye ngazi ya tatu baada ya mwenza kujibu 2 inaahidi nguvu ya ziada, kama pointi 15 na kuendelea, na mfunguzi ana 13. Kwa mkono huu arudie 2 shupaza, mjibu aseme 3 kopa, na mfunguzi apasi. Pengine hata hiyo itaanguka kwa mmoja, lakini bila dabo.

Kipimo cha haraka: ukijikuta unataja aina yako mara ya tatu, uliza kama mwenza amewahi kusema neno lolote la kuipenda. Kama hajasema, pasi. Kwenye mikono isiyokutana, anayenyamaza kwanza ndiye anayeokoa pointi, na kila ngazi unayopanda unawapa wapinzani nafasi ya dabo.

Sababu ya tatu inahitaji maelezo zaidi, maana tunaiona kila wiki: watu wawili wanashika usukani wa mtumbwi mmoja. Katika kila mnada kuna dau linaloweka mipaka. Aliyefungua 1 BT amesema "nina 15 mpaka 17, mgawanyo tulivu". Aliyejibu 2 kopa juu ya 1 kopa amesema "nina 6 mpaka 9, na kopa tatu au zaidi". Mara tu mtu anapojiwekea mipaka, mwenza wake ndiye nahodha, kwa sababu yeye anaiona mikono yote miwili: wake anao, wa mwenzake ameshaambiwa. Aliyejieleza hana cha kuongeza mpaka aulizwe.

Dalili za unahodha kuvurugika ni rahisi kuzisoma kwenye daftari:

- 1 BT, 3 BT, kisha mfunguzi anasema 4 BT "kwa sababu nilikuwa na 17". Mwenza alijua unaweza kuwa na 17. Alikwisha kuihesabu.
- Mtu amefungua 3 uru kwa karata saba za uru na pointi chache, wapinzani wakaingia 3 shupaza, mwenza akapasi, naye anarudi na 4 uru. Mkono wake wote ulikuwa ndani ya lile dau la kwanza. Anayefungua ngazi ya tatu hazungumzi tena ila mwenza akimlazimisha.
- Mfunguzi anasema 1 kopa, mjibu 2 kopa, mfunguzi pasi, wapinzani wanaingia, halafu mjibu mwenye 9 na kopa tatu anajipandisha 3 kopa. Hizo pointi ameziuza mara mbili.

Tiba: kabla ya kutamka, jiulize swali moja tu, nani kati yetu anajua jumla? Kama ni mwenza, jibu alichouliza na uache. Kama ni wewe, amua ngazi sasa, usimrudishie mzigo.

Dalili: mnasimama 2, mnakula 10

Dalili hii haipigi kelele, ndiyo maana hudumu. Hakuna anayelaumiwa kwa mkataba uliotimia. Lakini angalia hesabu. 2 kopa ukala mizunguko 10 ni pointi 170. 4 kopa ukala hiyohiyo 10 ni 420 ukiwa salama, 620 ukiwa hatarini. Kwenye mashindano ya timu tofauti hizi hubadilishwa kwa jedwali kuwa alama ndogo, na jedwali hilo linasema wazi ni lini ujaribu. Salama, gemu iliyofika inakupa 6 na iliyoanguka kwa mmoja inakunyang'anya 5; kwa hiyo inatosha ifanikiwe kama mara 45 katika 100. Hatarini, inakupa 10 na kukunyang'anya 6. Inatosha mara 37 au 38 katika 100. Wengi hufanya kinyume: wakiwa hatarini wanaogopa. Wanapaswa kuthubutu zaidi.

Sababu kubwa ya kukosa gemu ni kuhesabu pointi za picha tu baada ya turufu kukutana. Pointi 25 kwa pamoja ni kipimo kizuri cha 3 BT na cha 4 kopa au 4 shupaza kwa mikono tulivu. Mkikutana kwa turufu nane au tisa, na mmoja ana upungufu mahali, kipimo hicho kinadanganya. Mwenza amefungua 1 kopa, nawe una:

Shupaza: 7
Kopa: K 9 5 4
Uru: A 8 6 3 2
Pau: 10 6 2

Pointi 7. Wengi husema 2 kopa na kulala. Lakini una turufu nne na shupaza moja tu. Ukiwa na turufu nne za kumuunga mwenza, ongeza 5 kwa aina usiyo nayo kabisa, 3 kwa aina yenye karata moja, 1 kwa aina yenye karata mbili. Mkono huu sasa una thamani ya 10, na 10 mpaka 12 ni mwaliko wa kwenda gemu: 3 kopa. Mfunguzi ana:

Shupaza: A 8 5 4
Kopa: A Q J 7 3
Uru: 7 5
Pau: K 4

Naye ana 14 za picha. Jumla ni 21 tu, na bado 4 kopa ni mkataba mzuri, kwa sababu shupaza zake ndogo zinakatwa kwa turufu za upande wa pili.

Ili mfunguzi aukubali mwaliko bila kubahatisha, ahesabu mashimo. Kwenye kila aina tazama karata tatu za juu kabisa ulizonazo: kila ree, mfalme au malkia asiyekuwepo ni shimo moja. Kwenye aina yenye karata mbili hesabu ree na mfalme tu, yenye moja ree tu. Mfunguzi huyu: shupaza 2, kopa 1, uru 2, pau 1, jumla 6. Mjibu: shupaza 1, kopa 2, uru 2, pau 3, jumla 8. Toa 14 kwenye 24, unabaki na 10, nayo ndiyo mizunguko mnayotarajia kula. Mkono wa kawaida wa kufungua una mashimo 7, na mwaliko wa 3 kopa huwa na 8, kwa hiyo mwenye 6 akubali, mwenye 7 apasi. Hesabu hii ni ya pale turufu zimekutana tu, nane au zaidi. Ukiitumia kwa BT au kwa mikono isiyokutana itakuzamisha.

Sababu ndogo ya dalili hii: kupasi dau lisilopasiwa. Mjibu ambaye hakuwa amepasi mwanzoni akitaja aina mpya, mfunguzi lazima aseme kitu, hata kama mkono wake ni mdogo kabisa.

Dalili: 3 BT inaanguka kwa aina moja

Mnakula kila kitu isipokuwa kopa, na kopa wapinzani wanazo tano. Hapa kosa ni kuhesabu pointi badala ya kuhesabu mizunguko tisa. Kabla ya 3 BT taja kwa moyo mizunguko yako inatoka wapi, na kila aina inazuiwa na nani. Kama wapinzani walitaja kopa nawe huna cha kuzizuia, taja kopa hizohizo wewe mwenyewe, ngazi ya tatu. Huko ni kumuuliza mwenza kama anazo za kuzuia. Akiwa hana, rudini kwenye aina yenu ndefu. Ila msikimbilie 5 pau au 5 uru mapema: zinataka mizunguko 11, na kwa mikono tulivu hiyo ni kama pointi 29.

Dalili: wapinzani wanachukua kila mkono kwa 2 shupaza

Au kinyume chake: unapambana nao mpaka ngazi ya 3 na kila mara unaadhibiwa. Yote mawili ni ugonjwa mmoja, kutokujua idadi ya turufu zenu. Mfaransa Jean-René Vernes alionyesha miaka ya 1960 kwamba jumla ya mizunguko ambayo pande mbili zinaweza kula, kila upande kwa turufu yake bora, hukaribiana na jumla ya turufu zao. Matumizi yake mezani ni mepesi: pandeni mpaka ngazi inayolingana na turufu zenu. Nane, mizunguko minane, yaani ngazi ya 2. Tisa, ngazi ya 3.

Mwenza 1 kopa, mpinzani 1 shupaza, wewe 2 kopa, mpinzani 2 shupaza, mwenza na mpinzani wanapasi. Una kopa tatu? Tano na tatu ni nane: pasi. Una kopa nne? Ni tisa: 3 kopa, hata kama una pointi 6 tu. 2 shupaza zao zikitimia ni 110 kwao. 3 kopa zako zikianguka kwa mmoja ukiwa salama ni 50. Ukiwa hatarini tahadhari zaidi, maana kuanguka kwa miwili ni 200, na mara chache mkataba wa wapinzani usiofika gemu hufikisha pointi hizo.

Kuingilia mnada wa wapinzani kwenye ngazi ya 2 kuna kipimo chake. Hesabu urefu wa aina yako, ongeza karata za kuanzia kumi mpaka ree zilizomo ndani yake. Jumla ifikie mizunguko unayotaja. Q 9 7 4 3 2 ni sita na moja, saba. 2 pau inataka nane, basi pasi hata kama una pointi 12 nje. A K J 10 9 4 ni sita na nne, kumi, ingia. Adhabu ya dabo ukiwa hatarini ni 200, 500, 800, na huipati kwa kukosa pointi bali kwa kuwa na turufu mbovu.

Na dabo yenyewe: dabo juu ya dau la kwanza la wapinzani, 1 kopa kwa mfano, ni ombi la mwenza ataje aina yake. Inataka kama pointi 12, kopa chache, na angalau karata tatu kwenye kila aina nyingine. Anayetia dabo kwa sababu "nina 13" huku ana kopa nne na shupaza mbili atasikia mwenza anasema shupaza, na hapo hana pa kukimbilia.

Dalili: slemu inaanguka kwa ree mbili za mwanzo

Slemu ndogo, yaani mkataba wa mizunguko 12, inataka kama pointi 33, lakini pointi hazikwambii ree ziko kwa nani. 4 BT huuliza idadi ya ree: 5 pau ni hakuna au zote nne, 5 uru moja, 5 kopa mbili, 5 shupaza tatu. Chombo hiki huharibika kwa njia tatu. Usiulize ukiwa na aina usiyo nayo kabisa, maana hutajua kama ree ya mwenza iko hapohapo isipohitajika. Usiulize ukiwa na karata mbili ndogo kwenye aina ambayo hakuna aliyeitaja. Mnaweza kuwa na ree tatu na bado wapinzani wakala A na K za aina hiyo. Na turufu ikiwa pau, jibu la 5 uru limeshapita 5 pau, kwa hiyo usiulize kama jibu la ree moja litakukwamisha.

Dalili: mnada wenu unafanya kazi nyumbani, ugenini unavunjika

Chunguza sauti. Kuna karata za barazani ambazo kumkonyeza mwenza ni sehemu ya utamu wake. Kwenye briji sheria inakataza: mwenza akisita, akivuta pumzi au akitamka "pasi" kwa huzuni, huruhusiwi kuutumia ujumbe huo. Watu waliozoea mezani kwao husoma sauti bila kujua, na siku wakicheza kimya wanapotea.

Tiba ni karatasi. Ipigie mistari safu nne, andika juu yake K, M, S, M kwa kufuata zamu: Kaskazini, Mashariki, Kusini, Magharibi. Ipite mkono kwa mkono, kila mtu aandike dau lake kwa kalamu ileile, herufi za ukubwa uleule, bila kutamka neno. Mnada ukiisha, ibandikeni kwenye daftari. Safu ya kwanza imeshajaa.